Tiketi ya Bei Poa Inakushusha Wapi? Dar hadi London

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tuna mama mmoja wa Tanga, katutumia sauti kwenye WhatsApp. Binti yake anaishi Barking, mashariki mwa London, anakaribia kujifungua, na mama anakwenda kukaa naye hadi arobaini iishe. Viza ya Uingereza anayo. Kijana wake kamtafutia safari mbili, anauliza achukue ipi.

BARAKA: Hongera zake mapema. Zinapitia wapi?

ZUHURA: Ya kwanza Dar, Doha, kisha uwanja wa Heathrow, London. Ya pili Dar mpaka Amsterdam, halafu Amsterdam mpaka Luton na shirika jingine, yale ya bei rahisi. Hii ya pili imepungua kama laki tatu hivi.

BARAKA: Hiyo ya pili ni tiketi moja, au kijana kaunga vipande?

ZUHURA: Vipande. Katuma picha, namba mbili tofauti.

BARAKA: Basi asipande. Ukiwa na tiketi mbili zisizojuana, begi lako linaishia pale ile ya kwanza inapoishia. Kulifuata lazima upite uhamiaji, uingie Uholanzi, na kuingia Uholanzi kunataka viza ya Schengen, ile ya kundi la nchi za Ulaya ambamo Uingereza haimo. Ya Uingereza pale haifui dafu. Huenda hata Amsterdam asifike, maana wa kaunta pale Terminal 3 ya Dar wanaangalia karatasi zote kabla hawajakupa kadi ya kupandia.

ZUHURA: Na akienda na begi la mkononi tu?

BARAKA: Mama wa Tanga aende kwa mjukuu na begi la mkononi?

ZUHURA: Nimekosea, naomba radhi kwa watu wote wa Tanga.

BARAKA: Halafu hayo mashirika ya bei rahisi begi kubwa unalipia mbali. Hiyo laki tatu inaanza kuyeyuka hapohapo. Na ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haikusubiri, wala hakuna wa kukutafutia nyingine, kwa sababu kwao wewe umechelewa tu. Kwa tiketi moja, hilo ni lao: begi linafungwa lebo ya mwisho wa safari, na ukikosa ndege ya kuunganisha wanakutafutia nyingine.

ZUHURA: Sawa. Lakini Luton si London? Imeandikwa London Luton.

BARAKA: Imeandikwa, ndiyo. Uwanja wa Stansted nao umeandikwa London na uko Essex, nje ya jiji. Luton ni mji mwingine kabisa, kaskazini huko. Ukishuka unapanda kijitreni kukufikisha stesheni, kisha treni kubwa mpaka stesheni ya St Pancras, London, kisha ya chini ya ardhi mpaka Barking. Na kila kipande kina ngazi zake na nauli yake. Mimi mtu akiniuliza habari za tiketi ya London, swali langu la kwanza ni: utalala wapi? Mwenyeji wako akiwa Luton, kashuke Luton, raha mustarehe. Akiwa Croydon, kusini mwa London, tafuta uwanja wa Gatwick, nao uko kusini. Watu wanatafuta bei kwanza, halafu kitanda wanakikuta mbali.

ZUHURA: Lakini Barking iko mashariki, na Heathrow iko magharibi. Si mama atavuka jiji zima?

BARAKA: Atalivuka, ila amekaa. Zamani nisingemshauri. Tangu mwaka 2022 kuna reli ya Elizabeth, ina vituo kwenye terminal zote za Heathrow, inapita katikati ya London mpaka Whitechapel bila kubadilisha. Chini ya saa moja. Whitechapel anahamia reli ya chini ya ardhi, ya District au Hammersmith & City, zote mbili zinafika Barking. Na lifti zipo. Ile reli ya chini ya ardhi ya Piccadilly, nayo inatoka Heathrow, ni ya bei ya chini zaidi, lakini inasimamasimama, na ukikosea kituo cha kushukia utabeba sanduku la kilo 23 kwenye ngazi.

ZUHURA: Na treni ya Heathrow Express?

BARAKA: Dakika 15 mpaka Paddington, na ukinunua siku hiyohiyo ni kama pauni 25. Ukifika Paddington bado uko magharibi. Ya nini?

ZUHURA: Nauli ya treni analipaje? Mixx by Yas, ile iliyokuwa Tigo Pesa, haipiti getini.

BARAKA: Kadi ya benki, anagusisha kuingia, anagusisha kutoka. Kadi ileile. Na wakiwa wawili, kila mtu na kadi yake, msipokezane moja kama ufunguo wa choo.

ZUHURA: Mkwe wake anasema atamfuata na gari.

BARAKA: Ni heshima, asikatae. Ila amwambie asitoke nyumbani mpaka ndege itue. Kuegesha pale kunalipiwa kwa muda, na kupita uhamiaji hakuna anayejua kutachukua muda gani.

ZUHURA: Sasa saa. Hili nataka ulisimulie mwenyewe.

BARAKA: Lazima?

ZUHURA: Lazima.

BARAKA: Haya. Tiketi yangu iliandikwa Jumanne 00:40. Mimi nikasoma kwa Kiswahili: saa sita na dakika arobaini usiku, Jumanne. Jumanne nikashinda naaga watu, nikala ubwabwa kwa shangazi, usiku nikaenda uwanjani na ndugu saba. Ndege ilishaondoka, siku nzima nyuma.

ZUHURA: Ndugu saba!

BARAKA: Na kamera. Wazee wetu wangesema usiku wa kuamkia Jumanne, na wasingepotea. Kwa hiyo mama, ukiona sifuri mbili mbele, uwanjani unakwenda jana yake jioni. Na 03:00 ni saa tisa usiku, usisome saa tatu.

ZUHURA: Mama kasema pia magoti yanamsumbua, na Kiingereza hana.

BARAKA: Kijana aombe kiti cha magurudumu, saa 48 kabla ya safari au zaidi. Hakilipiwi. Na uzuri wake si magoti tu. Doha ni uwanja mkubwa, yule anayemsukuma anajua geti liko wapi, na Heathrow mwingine atamfikisha mpaka kwa mkwe. Anwani ya binti aiandike kwenye karatasi, na postikodi yake. Simu huzima chaji.

ZUHURA: Na koti asilitie sandukuni.

BARAKA: Aah, hilo wewe ndiye mtaalamu.

ZUHURA: Ilikuwa Januari, nilivaa dera.

BARAKA: Tunajua. Picha tuliziona.