Meli Hutokaje Kiwandani? Kutoka Papenburg hadi Kigoma

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za asubuhi. Mmeniita nizungumze na mafundi wanafunzi wa Kigoma juu ya meli za utalii za kisasa. Mabwawa ya kuogelea na kumbi za muziki nitayapita haraka, maana hayo abiria huyaona mwenyewe. Mimi nataka tuulizane jambo ambalo abiria halioni kabisa: meli hufikaje majini? Kwa maoni yangu, njia ya kutokea huamua ujenzi wa meli kuliko kitu kingine chochote.

Tuchukue AIDAnova, iliyokabidhiwa kwa wenyewe Desemba 2018. Ina urefu wa mita 337 na upana wa mita 42, na ikijaa hubeba abiria zaidi ya 6,000. Ndiyo meli ya kwanza ya utalii iliyoundwa iweze kutumia gesi asilia iliyosindikwa kuwa kimiminika, iwe bandarini au baharini. Gesi hiyo hutunzwa kwenye baridi ya takribani nyuzi 160 chini ya sifuri. Matangi yake ni mazito na yanakula nafasi, kwa hiyo mchoraji huyapangia mahali kabla hajafikiria chumba cha mgeni hata kimoja.

Haikujengwa kwa kupanda kutoka mkukuni, yaani uti wa chini wa meli, kwenda juu, taruma (mbavu za meli) baada ya taruma. Sehemu yenye injini ilijengwa Rostock, ikaelea, ikavutwa baharini mpaka Papenburg, Ujerumani. Huko, ndani ya jengo lililoezekwa, vipande vikubwa vya chuma vilivyokwisha kuchomelewa viliinuliwa kwa winchi na kuunganishwa. Vyumba vya abiria huja vimekamilika, bafu likiwa ndani, vinasukumwa mahali pake kama droo za kabati.

Sasa sikilizeni ugumu wake. Papenburg haipo pwani. Iko bara, kando ya mto Ems, na mto huo ni mwembamba kwa meli ya ukubwa huo. Maji yakiwa haba, lango kubwa la Gandersum, lililokamilika 2002, hufungwa ili mto ujae. Kisha meli huteremka kinyumenyume, tezi, yaani sehemu ya nyuma, ikitangulia, tagi, zile boti za kuvuta meli, zikiishikilia mbele na nyuma. Kila meli kubwa ya kiwanda kile huchorwa huku mhandisi akiukumbuka mto ule.

Kiwanda chenyewe ni Meyer Werft, kilichoanzishwa 1795. Mnakifahamu hata kama jina ni geni kwenu, kwa sababu mwaka 1913 ndicho kilichojenga Graf von Götzen, meli tunayoiita Liemba.

Liemba haikuwa na mto wa kuifikisha Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo waliiunganisha Papenburg kwa bolti za muda, wakahakikisha kila bamba linakaa sawa na jirani yake, kisha wakaifungua yote. Ilipakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo kwa reli ya kati, ambayo ilifika hapa Februari 1914. Mafundi watatu wa kiwanda, Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann, walikuja kusimamia. Hapa Kigoma mabamba yalipigwa ribiti, yaani misumari minene ya kuunganisha chuma, pamoja na wenyeji wa nchi hii, ambao majina yao vitabu havikujali kuyaandika. Hilo huniuma kila ninaposimulia. Februari 1915 iliingia majini.

Julai 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi, ili adui asiipate. Kabla ya hapo injini zilipakwa grisi nzito. Waingereza walipoiinua 1924, grisi ile ilikuwa imezilinda vizuri kiasi kwamba meli ilirudi kazini 1927. Injini za mvuke zilitumika mpaka miaka ya 1970, zikatolewa, zikaingia za dizeli. Na mwaka 2015, wakimbizi wa Burundi walipojazana Kagunga, kijiji cha ufukweni pasipo na gati, mitumbwi iliwatoa ufukweni hadi kwenye Liemba, nayo ikawaleta hapa mjini.

Hapo ndipo ninapowaomba, mafundi. Wiki hii mnachora boti zenu za mazoezi, na wengi mtaanza na omo, sehemu ya mbele, kwa kuwa inapendeza. Anzeni na injini. Onyesheni itapitia wapi kuingia, na miaka ishirini baadaye, ikichoka, itatokea wapi bila kukata sitaha. Kisha kila bamba lipewe namba, na namba hiyo iandikwe kwenye mchoro na kwenye chuma chenyewe. Nitapita mezani kwa kila mmoja nione.