Filamu Ionekane Kwanza, Ndipo Itiwe Saini

Assalaam alaykum. Wazee wangu, na nyinyi vijana mnaotaka kuturejeshea sinema Zanzibar, leo tuzungumze mkataba baina ya msambazaji wa filamu na mwenye sinema. Tukiikumbuka Majestic ya Vuga, Empire ya Darajani au Cine Afrique ya Malindi, tunakumbuka foleni za sikukuu na filamu za Kihindi. Karatasi ya mkataba iliyozileta filamu hizo hakuna anayeikumbuka, na humo ndimo mwenye sinema anamopatia au kuangukia.

Marekani wameshayapitia haya. Mwaka 1948, katika kesi ya serikali dhidi ya Paramount na wenzake saba, Mahakama ya Juu iliwakataza wakubwa wa Hollywood kumshurutisha mwenye sinema achukue filamu asizozitaka ili apewe ile anayoitaka. Kumpangia bei ya tiketi nako kukapigwa marufuku.

Lakini lililowachoma sana wenye sinema, hasa miaka ya 1970, ni kutajishwa bei gizani. Unaletewa jina la filamu, waigizaji na muhtasari. Hapo hapo uandike utalipa kima gani cha chini, asilimia ngapi ya mapato ya mlangoni, na utaionyesha wiki ngapi. Filamu yenyewe huenda bado inatengenezwa. Ikija mbovu, wiki ulizoahidi utazimaliza na viti vitupu. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia! Mwaka 1980 jimbo la Pennsylvania likatunga sheria: filamu ionyeshwe kwanza, ndipo bei itajwe. Na anayelipa kwa asilimia asidaiwe tena kima cha chini. Masharti ya kesi ya Paramount yalifutwa na mahakama mwaka 2020, lakini hilo halikuzifuta sheria za majimbo.

Sisi Zanzibar tunayo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003, inayomlinda mwenye kazi. Ni haki yake. Ila kumiliki filamu ni kitu kimoja, na kugawana fedha za mlangoni ni kitu chengine. Tena kwetu mnyonge aweza kuwa yule kijana wa Ng'ambo ya hapa mjini Unguja aliyeitengeneza filamu: ukumbi umejaa, tiketi hazina nambari, na asubuhi anaambiwa watu walikuwa wachache.

Kwa hiyo naomba kanuni ziandikwe kabla ya jumba la kwanza kufunguliwa. Mwenye ukumbi aitazame filamu nzima kabla ya saini, kila filamu iwe na mkataba wake, na vishina vya tiketi vihesabiwe kila usiku, pande zote mbili zikiwepo.