Kumfundisha Mwanafunzi Kuandika Maelekezo Yanayofuatika

(Mhadhara kwa walimu tarajali wa Kiswahili)

Walimu wenzangu, nawasalimu. Nimeombwa nizungumzie uandishi wa maelekezo, na nikiwatazama naona wengi mngependa afadhali tuzungumzie ushairi. Nawaelewa. Darasani maelekezo tunayapitia harakaharaka: mfano mmoja wa kupika chai, zoezi la nyumbani, tunahamia barua rasmi. Lakini wengi wa watoto hawa wakishamaliza shule hawataandika beti hata moja. Wataandika maelekezo. Muuguzi atamwandikia mama wa mgonjwa. Kaka aliye mjini atamtumia mdogo wake ujumbe wa simu jinsi ya kuchanganya dawa ya viwavi. Na atakayeusoma ujumbe huo atatenda kama alivyoelewa.

Kuna zoezi moja ninalowasihi mlijaribu. Nenda darasani na pakiti ya ORS (ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji kwa anayeharisha), ndoo ya maji, na chupa tupu za maji za dukani, kubwa kwa ndogo. Waambie wanafunzi waandike maelekezo ya kumtengenezea dawa mtoto anayeharisha. Kisha mmoja asome kazi ya mwenzake kwa sauti, wa pili afanye kile kilichoandikwa na si kingine, na mwandishi mwenyewe akae kimya. Hilo la kukaa kimya ndilo gumu.

Utapata kitu kama hiki: "Chukua chupa ya maji, tia dawa, tikisa vizuri, mpe mtoto." Sarufi haina kasoro. Ukiisahihisha mezani kwako jioni utaipa alama nzuri. Sasa mtazame anayefuata. Anaambiwa chupa, mezani kuna ya nusu lita, ya lita moja na ya lita moja na nusu. Anachukua iliyo karibu. Pakiti tunayoizoea ni ya lita moja (isomeni hata hivyo, zipo za ujazo mdogo). Akiimimina kwenye nusu lita, chumvi inakuwa maradufu, na kwa mtoto mchanga hiyo ni hatari. Akiimimina kwenye lita moja na nusu, dawa inakuwa hafifu. Halafu "tikisa vizuri". Vizuri ni mpaka lini? Mwanafunzi wako atatikisa mara tatu, ataitazama chupa, atamtazama mwandishi. Angeandikiwa "tikisa mpaka usione chembe chini ya chupa," macho yake yangemwambia aache. Na hakuna aliyemwambia kwamba dawa isiyokwisha inamwagwa baada ya siku moja, yaani saa 24.

Hapo darasa litacheka, na mwandishi atataka kuruka: "Mwalimu, nilimaanisha chupa ya lita moja!" Mzuie. Mama anayehangaika na mtoto usiku hatakuwa naye pembeni wa kumwuliza alimaanisha nini. Mpe karatasi yake aandike upya. Rasimu ya pili huwa bora kuliko ambayo ungeipata kwa kumjazia wino mwekundu.

Kuna ugonjwa mwingine, na huu tumewaambukiza sisi. Tumewazoesha kwamba kila insha ina utangulizi, kiini na hitimisho, na methali ikipatikana ni alama ya ziada. Basi mtoto anaelekeza kuchanganya ORS huku akianza na "Wahenga walinena, kinga ni bora kuliko tiba." Mtoto ameshaanza kuharisha! Kinachotakiwa juu ya ukurasa ni vifaa: pakiti moja, maji safi ya kunywa lita moja, chombo safi chenye mfuniko.

Katika lugha yenyewe, nitaomba muangalie mambo mawili. La kwanza ni mpangilio. Msomaji wa maelekezo husoma mstari, anatenda, ndipo anarudi kwenye karatasi. Ukimwandikia "Tia dawa kwenye maji uliyochemsha, ila hakikisha yamepoa kwanza," akifika kwenye "ila" dawa imeshaingia. Kiswahili kimetupa -ki- na -kisha- kwa kazi hii hii: "Yakichemka, epua. Yakishapoa, tia dawa yote." Sharti limetangulia, tendo limefuata, na sentensi ni fupi. La pili ni umbo la kitenzi. Wanafunzi huanza na "chukua," katikati wanaingia "unamimina," wanamalizia na "tunakoroga" kama wapishi wa kwenye televisheni. Achague moja aende nalo mpaka mwisho. Mimi napendelea hali ya kuamuru. Wako wanaosema ni utovu wa adabu kumwamuru mtu mzima. Basi aweke "tafadhali" moja pale juu, tuendelee.

Muda ndio unaonitia hofu zaidi. Chukueni dawa ya mseto ya malaria, ALu. Dozi ni sita kwa siku tatu, na ya pili humezwa saa nane baada ya ya kwanza. Mwandikie mama: "Dozi ya pili, baada ya saa 8." Mtoto amepewa ya kwanza saa 4 asubuhi. Mama anatazama saa ukutani: ikipita saa 8 mchana, anampa. Zimepita saa nne tu. Dozi ilitakiwa saa 12 jioni, na mama hajakosea kusoma. Sentensi inabeba maana zote mbili. Wapeni wanafunzi sentensi hii waitengeneze. Wengine wataandika "masaa manane," nawe utatamani kuwakata kwa ajili ya usanifu. Vumilia, wanatafuta njia. Jibu ninalolipenda ni kuandika wakati wenyewe: "Ya kwanza: sasa, saa 4 asubuhi. Ya pili: leo saa 12 jioni." Hesabu imefanywa na anayejua, na msomaji amebaki na kutenda.

Nimeletewa kikaratasi hapa: "Darasa langu lina wanafunzi tisini, zoezi hili nitalifanyaje?" Kwa madawati. Dawati la mbele ligeuke, libadilishane karatasi na la nyuma. Si lazima iwe ORS; kukunja bahasha kwa karatasi ya daftari kunatosha, kila mtoto anacho kifaa. Rasimu ya kwanza usiiguse. Alama zitoke kwenye ile iliyoandikwa upya baada ya mwenzake kukwama. Kosa la upatanisho wa kisarufi ambalo halikumkwamisha mtu, mimi nalipigia mstari na silikatii alama siku hiyo. Naona mikono imeshaanza kunyooshwa. Kipaza sauti kianzie upande ule.