Mgeni Aliyeshuka Mara Moja

Habari za mchana, ndugu zangu. Nimekuja na gorogoro mbili, zile zile za kupimia mahindi sokoni, na kabla sijaendelea naomba zipite mikononi mwenu. Moja ina udongo wa msitu wa Nyandarua. Nyingine ina mchanga uliookotwa chini ya majabali ya Maragoli. Udongo wote nimeukausha, na gorogoro zote mbili zimejaa pomoni. Zinyanyueni pamoja, moja mkono wa kulia, nyingine wa kushoto.

Naona mzee pale mbele ameshtuka. Ile ya Nyandarua ni kama imejaa pamba, sivyo? Lita moja ya udongo uliotokana na majivu ya volkeno, ukishakauka, kwa kawaida haifiki gramu 900. Lita moja ya mchanga wa graniti hukaribia kilo moja na nusu. Kilichopungua hapo ni vitundu, vidogo vidogo visivyohesabika, na ndani ya vitundu hivyo ndimo msitu unamoweka maji yake ya kiangazi.

Mliowahi kunisikia mnajua ninakoelekea: udongo wa majivu ukishateremka kutoka mlimani haurudi. Nimelisema Kabete, nimelisema Muguga, na leo nalirudia hapa kwa sababu bado tunahesabu miche na hakuna anayehesabu udongo.

Sasa zipangeni gorogoro hizo kichwani mwenu, ya majivu juu, ya mchanga chini. Mkishazipanga hivyo mmepata mteremko wa Idaho, kaskazini magharibi mwa Marekani. Milima ya huko kwa sehemu kubwa ni bonge la graniti lenye eneo la karibu kilomita za mraba 40,000, lililoganda ardhini enzi za dinosaria. Graniti hiyo ikichakaa hutoa chembe chembe za kwarzi na feldispa zinazotiririka chini ya kiatu. Maji ukiyamwaga juu yake yanapita, hayakai. Kisha, yapata miaka 7,700 iliyopita, mlima Mazama huko Oregon ulilipuka hadi kilele chake kikatumbukia ndani. Shimo lililobaki ndilo ziwa linaloitwa Crater Lake, lenye kina cha mita 594. Majivu yake yalibebwa na upepo hadi Kanada. Kaskazini mwa Idaho ni karibu kilomita 600 kutoka mlima huo, mbali kuliko hapa Nairobi na Mombasa, na bado majivu yalitanda huko kama blanketi. Na watu walikuwepo! Mwaka 1938, katika pango la Fort Rock, Oregon, vilichimbuliwa viatu vilivyosukwa kwa magome ya vichaka, vimelala chini ya majivu hayo hayo.

Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hapa ni graniti, mwamba usioweza kushika maji. Mgeni ni majivu yaliyotoka angani, wala hayana undugu wowote na mwamba yaliouangukia. Mwenyeji akapona. Misonobari na mierezi ikasimama mahali ambapo mchanga peke yake usingeweza kuilea hivyo.

Nikiwa mwanafunzi niliingia huko Idaho katika shimo la kuchunguzia udongo. Mwenzangu tuliyechimba naye alikuwa mzee aliyefanya kazi ya misitu tangu ujana wake. Alinipa kisu, akaniambia nikishushe ukutani mwa shimo polepole, nisikisukume. Kisu kilizama kama kwenye ugali uliopoa. Udongo ulikuwa wa hudhurungi, laini, hauna hata kijiwe. Nikashuka nacho sentimita kama arobaini, kisha kikaanza kukwaruza. Nilikuwa nimefika kwa mwenyeji. Na mpaka ulionekana kwa macho, kana kwamba fundi aliupiga kwa kamba. Mizizi juu ya mpaka ilikuwa imesukana kama mkeka. Chini ya mpaka ilikuwa mmoja huku, mwingine kule, iliyoshuka kutafuta nyufa tu.

Halafu yule mzee akanipandisha hadi kwenye kilele, tukavuka upande wa pili, ule unaotazama kusini, unaochomwa na jua siku nzima. Mwamba ni ule ule na mvua ni ile ile. Lakini majivu yalikwisha kusombwa zamani, kwa sababu upande huo ni mkavu, moto hupita mara nyingi na miti haikuwahi kufunika ardhi vya kutosha. Tulikuta nyasi, na msonobari mmoja mmoja uliosimama mbali na mwenzake. Hatua mia mbili tulizotembea zilinifundisha kuliko mihula yangu yote ya darasani. Sikuhitaji mtu kunieleza maana ya kupoteza sentimita arobaini.

Kuna atakayenijibu, na hunijibu kila mwaka, kwamba udongo huzaliwa upya, kwa hiyo tuwe na subira. Ndugu yangu, utazaliwa udongo gani? Graniti huzaa mchanga. Tena huuzaa kwa milimita chache kwa karne nzima. Hata ukingoja miaka elfu kumi, utapata mchanga zaidi. Majivu hayatoki chini. Yalishuka, na yakiteremka mtoni hayapandi tena mlimani. Mtu mwingine husema volkeno zitalipuka tena. Kweli, Mount St. Helens ililipuka tarehe 18 Mei 1980, na majivu yake yakafika Idaho, tabaka jembamba tu. Watu 57 walikufa. Nani kati yetu atapanga kilimo cha misitu kwa kungojea jambo kama hilo?

Kinachouondoa udongo huu mara nyingi huanza na barabara. Msumeno pekee hauumizi sana. Tingatinga hukata mteremko, huchana blanketi, huacha mchanga wa graniti wazi, na mtaro wa barabara hukusanya maji yaliyokuwa yametawanyika na kuyafanya mto. Kwenye South Fork ya mto Salmon, Idaho, magari ya magogo yalikuwa yamefunguliwa njia kila mahali kwenye miteremko mikali. Zikaja mvua kubwa za 1964 na 1965. Miteremko iliporomoka, mingi ikianzia kwenye barabara hizo, na mchanga ukafunika changarawe ambamo samaki aina ya salmoni hutagia mayai. Ukataji ulisimamishwa. Vipimo vilivyofuata kwenye graniti hiyo vilionyesha kwamba ardhi iliyochimbwa barabara ilitoa mashapo mamia ya mara kuliko ardhi iliyoachwa na msitu wake. Hapo hata hatujagusa kushindiliwa. Vile vitundu mlivyovibeba mikononi sasa hivi, trekta nzito ikipita mara chache juu yake udongo ukiwa na maji, vinafungwa. Na kwa kuwa hakuna udongo wa mfinyanzi wa kupasuka na kujifunua kila kiangazi, kama ule mweusi wa Embakasi, vikifungwa vinakaa hivyo kwa miongo.

Naona mkono umeinuliwa, na swali nalijua: Idaho inatuhusu nini sisi wa Nairobi? Inatuhusu kwenye mfereji wako, mama. Maji mengi ya jiji hili hutoka bwawa la Ndakaini, na Ndakaini hujazwa na mito ya Thika, Githika na Kayuyu, inayoshuka Nyandarua. Huko juu kwenye misitu udongo ni wa jamii hiyo hiyo, andosoli. Jina limetokana na Kijapani: an ni giza, do ni udongo. Wetu ni mweusi zaidi na umechakaa zaidi. Ule wa Idaho ukiutazama kwa hadubini bado unaona vipande vya kioo cha volkeno. Ni kweli, mwamba ulio chini ya Nyandarua nao ni wa volkeno, kwa hiyo sisi hatuko kwenye hatari ile ile ya Idaho. Mwenzetu fulani hunikumbusha hilo kila tunapokutana. Namkubalia, kisha namuuliza mwamba wake huchukua muda gani kutengeneza sentimita arobaini, na mazungumzo huishia hapo.

Mkitaka kuona graniti isiyopata mgeni, nendeni Maragoli. Msitu wa vilima vile ulikatwa, na kilichobaki ni majabali wazi na udongo mwembamba uliojibana katikati yake. Watu wamepanda miche tena na tena. Mche si mvivu, ndugu zangu, hauna pa kushika! Sasa tuna mpango wa miti bilioni 15 ifikapo 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa mapumziko ili ipande. Mimi nilipanda. Nilifurahi kuona watoto wa shule wamepiga magoti kwenye tope. Lakini katazo la ukataji lililowekwa Februari 2018 lilitangazwa kuondolewa Julai mwaka ule ule wa 2023, na nilichotafuta katika mjadala wote ule, nikakikosa, ni sentensi moja kuhusu magogo yatatolewaje mlimani. Ni msimu gani trekta itaruhusiwa kupita? Mtaro wa barabara utamwaga maji wapi? Wakulima wa Machakos walilijibu swali la maji kwenye mteremko kwa fanya juu, yaani matuta ya kutupa udongo upande wa juu, kwa jembe na koleo, hadi watu wa nchi nyingine wakaja kujifunza. Barabara zetu za msituni hazina hata hilo.

Nilitaka kuzungumzia moto, jinsi unavyoacha nta kwenye mchanga wa graniti hata mvua ya kwanza inateleza juu yake kama juu ya mabati. Na fosforasi, ambayo udongo wa majivu huikamata na kuificha, jambo linalowasumbua sana wenzetu wanaolima kandokando ya msitu. Saa inaniambia hapana. Vifaa vya kipimo cha kuutambua udongo wa majivu, kwa tone la sodiamu floridi na karatasi inayogeuka nyekundu, viko kwenye mkoba. Atakayetaka kuona tukutane pale mlangoni.

Ila kuna donge moja nililifunga kwa jani la mgomba, udongo wa Nyandarua ambao sikuukausha. Nani analo? Dada pale nyuma, asante. Lifungue. Uso wake unaonekana mkavu, si ndiyo? Haya, likande kwa kidole gumba, kwa nguvu, usiogope. Waonyeshe jirani zako mkono wako. Hayo maji yote yalikuwa humo tangu asubuhi.