Umeme wa Gari Urudi Nyumbani: Kufunga na Kuwasha Inveta ya Njia Mbili

Karibuni. Leo tupo Uyole, Mbeya. Gari ni Nissan Leaf, mtumba wa Japani, na umeme mtaani umekatika. Tutatumia ule uliomo kwenye gari.

Anza na pua ya gari. Fungua kifuniko, utaona matundu mawili. Hili dogo la pini tano linapitia chaja ya ndani ya gari, nayo inaingiza tu. Hili kubwa, CHAdeMO, linakwenda moja kwa moja kwenye betri. Plagi ya inveta tunaichomeka hapa.

Sasa inveta, mtambo unaogeuza umeme wa betri (DC) kuwa umeme wa nyumbani (AC). Chaja ya kawaida ina daiodi, na daiodi ni kama vali ya tairi: upepo unaingia, hautoki. Humu kuna transista, zinazowashwa na kuzimwa kwa amri ya kompyuta ndogo, ndiyo maana umeme unapita pande zote mbili. Usifungue kuchungulia! Kapasita zake hubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuzima.

Soma kibandiko kabla hujalipa. Kiandikwe volti 230, hezi 50. Za soko la Japani hutoa volti 100 au 200, hazitufai. Tazama na mwinuko. Jiji letu lipo kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na haipozi mitambo vizuri. Kibandiko kikiishia mita 1,000, usiipe mzigo wake wote. Baridi ya Juni isikudanganye.

Chenjiova, swichi ya kuchagua nyumba itumie umeme wa mtaani au wa inveta. Hapa sina utani. Bila hii, umeme wako unatoka hadi kwenye nguzo, na transfoma ya mtaa inaupandisha kuwa volti 11,000 au 33,000, huko juu fundi anakoshika waya akijua umekatika. Afunge mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji. Kupeleka umeme kwenye gridi ni mpaka ukubaliane na TANESCO, shirika la umeme. Sisi leo tunaishia ndani ya nyumba.

Weka chenjiova kwenye sifuri, pande zote zimekatwa. Washa inveta. Multimita ikitulia kwenye 230, peleka chenjiova upande wa inveta. Taa, friji na TV, tuseme wati 600, kwa saa nne ni uniti 2.4, betri ya Leaf za mwanzo ilikuwa na uniti 24 ikiwa mpya. Pasi iache kwanza.

Umeme ukirudi, zima inveta, rudisha chenjiova. Plagi ya gari usiivute kwa nguvu: subiri kufuli lake lilie “tak”, ndipo uchomoe.