Lester Young hakuwa na sauti ndogo

Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na nitalisema tena, maana bado nakutana na vijana wanaopiga saksafoni vizuri kabisa wakiniambia Lester Young, mpiga saksafoni ya teno wa jazi kutoka Marekani, alikuwa mtamu ila hana pumzi. Hana pumzi! Mtu aliyekesha akipuliza na bendi ya Count Basie kule Kansas City, hana pumzi?

Turudi 1934. Coleman Hawkins ameiacha bendi ya Fletcher Henderson, New York, kaenda Uingereza. Wakati huo ukisema saksafoni ya teno umesema Hawkins: sauti nzito, mtetemo mwingi, noti zimejaa pomoni. Henderson akamwita Lester ashike nafasi ile. Lester akaja na sauti nyepesi, iliyonyooka, karibu haina mtetemo, aliyoijenga kwa kusikiliza santuri za mpiga saksafoni Frankie Trumbauer. Wapulizaji wenzake wakaanza kunung'unika: huyu anaipiga teno kama alto, ile saksafoni ndogo yenye sauti ya juu zaidi.

Alikuwa amefikia nyumbani kwa Henderson. Asubuhi na mapema mke wa Henderson, Leora, anamwamsha, anamshusha chumba cha chini penye gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, anamwekea Hawkins. Huwezi kupiga hivi? Kesho yake tena, Hawkins. Lester alikaa akasikiliza kwa adabu, maana mama yule alimtakia mema. Jukwaani akapiga vilevile alivyopiga jana.

Baada ya miezi michache akaomba aondoke, na akamwomba Henderson barua ya kuthibitisha kwamba hakufukuzwa. Hapo nataka mtue kidogo. Kijana wa miaka 24 anaiacha kazi ambayo kila mpulizaji aliitamani, ili abaki na sauti yake, na bado anahakikisha jina lake halichafuki. Huyo ndiye mnayemwita dhaifu?

Najua kuna anayesema moyoni: labda alishindwa tu kupiga kama Hawkins. Haya, nendeni Chicago, Novemba 1936, "Lady Be Good", miongoni mwa rekodi zake za kwanza kabisa. Anapewa mizunguko miwili ya wimbo. Hakimbilii kujaza kila nafasi. Anaanza kauli, anaipitisha juu ya mpaka wa mstari, anakaa kimya, anaimalizia mahali ambapo mwingine angeanza upya. Kwa kucheza na noti chache namna hiyo unahitaji pumzi iliyotulia kuliko ya kupiga kelele. Kiangazi cha 1937 Charlie Parker, mpiga saksafoni ya alto, alikwenda kupiga muziki milima ya Ozark na santuri za Basie, akajifunza solo za Lester moja baada ya nyingine. Parker hakuwa mtu wa kupoteza muda.

Naona naonyeshwa saa. Mwimbaji Billie Holiday itabidi asubiri. Mjue tu ndiye aliyempa Lester jina la Prez, yaani rais, na Lester akamwita Lady Day. Lester aliingizwa jeshini 1944, akapelekwa mahakama ya kijeshi na kufungwa 1945. Wanaosema alitoka humo akiwa amekwisha wasikilize "These Foolish Things" aliyoirekodi Desemba mwaka huohuo, halafu tubishane. Alifariki New York tarehe 15 Machi 1959, akiwa na miaka 49.

Fundi mitambo, tuwekee ile ya 1936. Maswali baadaye.