Fomu ya kumkagua mwalimu wa kisomo inamwonaje mtu mzima?

Shikamooni wakubwa, na nyie wawezeshaji wenzangu habari za asubuhi. Leo tunaongelea viwango vya kufundisha watu wazima, na mi naona hii fomu ya kumkagua mwalimu wa kisomo, yaani anayewafundisha watu wazima kusoma, kuandika na kuhesabu, tunaijaza tu bila kujiuliza aliyeiandika alimwonaje mtu mzima.

Chukua kigezo kimoja, "mwalimu anatumia mazingira ya mwanakisomo". Sawa. Sasa darasani yupo mama anayeuza dagaa pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza. Mwalimu wa kwanza anamfundisha kusoma mzani, kuandika kilo, kuzidisha kwa bei, kutunza daftari. Hicho ndo kisomo chenye manufaa na kwetu kina historia ndefu, maana 1968 UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, na serikali walianzisha mradi wa majaribio hapahapa mikoa ya ziwa, watu wakasomea vitabu vya pamba na ndizi, yaani unajua kusoma huku unajifunza kuzalisha vizuri, na siubezi hata kidogo.

Mwalimu wa pili ana dagaa walewale ila anauliza, hivi bei anapanga nani? Mbona ndoo ya kununulia kubwa kuliko ya kuuzia? Watu wanabishana weee, halafu maneno yao wenyewe, bei, ndoo, dalali, ndo yanaandikwa ubaoni na ndo yanasomwa. Huyo yuko na Paulo Freire, mwanaelimu wa Brazil, aliyekataa mwalimu kumjaza mtu maarifa kama anaweka hela benki.

Mkaguzi akija wote wanapata tiki ileile! Wakati Mwalimu Nyerere, akitangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, lengo la kwanza alilotaja ni watu waache kuyakubali maisha duni kama ndo walivyopangiwa, ndipo likafuata la kujifunza namna ya kuyaboresha. Sisi kwenye fomu tumebaki na la pili tu.

Kwa hiyo kigezo kiandikwe upya: wanakisomo wametoa swali lao, limeandikwa kwa maneno yao, na wamelipigia hesabu wenyewe, maana swali bila hesabu nalo halimsaidii mama akienda kudai haki yake kwa mnunuzi.

Na kile kigezo cha mahudhurio jamani, giza la mwezi likiingia dagaa wanavuliwa usiku kucha, asubuhi mama zetu wako juani wanaanika, sasa ratiba ipangwe nao wenyewe na mwalimu asikatwe maksi kwa siku hizo.